Zamu ya Gingras

Mvua ilikuwa imeingia siku ya nne. Juu angani joto liliyeyusha theluji. Chini, bondeni, baridi ilikuwa imelala na haikutaka kuondoka. Tone lilifika likiwa bado maji, likagusa waya, likawa kioo. Kioo juu ya kioo, mpaka nguzo za umeme zikalala barabarani, na miti ambayo marehemu Lacasse aliigema utomvu ikapasuka kwa mlio wa bunduki.

Mjane wake, Obéline, ndiye pekee mwenye jenereta barabara nzima. Aliifunga nyuma ya trekta akaenda zizi kwa zizi, kwa mpangilio wa nyumba kuanzia kanisani, maana bila umeme mashine za kukamulia hazifanyi kazi, na ng'ombe asiyekamuliwa huvimba kiwele, huingia homa, hufa. Hakumruka mtu, ila Télesphore Gingras. Mara mbili alipita langoni kwake bila kupunguza mwendo.

Asubuhi hiyo Gingras akamjia kwa miguu, akiteleza.

"Mama Lacasse, umenisahau."

"Sijakusahau hata siku moja."

"Ng'ombe arobaini! Nimekamua kwa mikono mpaka vidole vimekufa ganzi. Huwasikii wanavyolia?"

"Nawasikia vizuri. Wangu nao walilia, zizi lilipoungua. Na pampu ya kuzimia moto ulikuwa nayo wewe."

"Moto ulikuwa mkubwa, mama, nilihofia..."

"Ulihofia kulowa! Mimi nje langoni kwako nikikuita, wewe dirishani na kikombe cha kahawa."

Gingras akatazama viatu vyake. "Unataka nipige magoti?"

"Kwenye barafu hii? Utashindwa kuinuka, unipe kazi ya kukubeba. Panda."

Walipofika langoni kwa Gingras, Obéline akasimamisha trekta.

"Shuka. Hapo hapo niliposimama mimi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ng'ombe wa mwisho. Wao hawajanikosea."

Jenereta ikanguruma, mashine zikaanza kunyonya, vilio vikapungua kimoja kimoja. Nje, kila tone lilimkuta Gingras likiwa maji likamwacha na barafu. Koti lake likawa gumu kama bati. Alipoinua mkono kujipangusa uso, likalia kama sahani inayovunjika.

Alipomaliza ng'ombe wa thelathini na tisa, Obéline akazima mashine. Akajimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake, akaenda dirishani, akanywa hadi tone la mwisho.

Kisha akavuta kigoda, akamkamua wa arobaini kwa mkono, taratibu.