Kihisi cha Mwanasesere

Fundi alikuwa akiulehemu kwa mara ya tatu waya wa kihisi joto, kile kinachobandikwa tumboni mwa mtoto njiti ili mashine ijue imtie joto kiasi gani, matroni alipomwambia aache. Kulikuwa na mkutano wa teknolojia ya afya na hospitali ilitakiwa kutoa mtu.

"Vaa shati lisilo na grisi," alimwambia, "wasije wakakupa feni utengeneze."

Kando ya mashine iliyofunguliwa, mama alikuwa na mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa shuka. Siku ya nne hiyo hajalala ubavu. Aliuliza jambo moja tu: huko wanacho hicho kidude?

Walikuwa nacho. Ukumbini, kampuni changa zilikuwa zimepanga meza, kila moja na skrini yake. Kwenye meza ya tatu kulikuwa na mashine mpya, na ndani yake mwanasesere aliyejazwa maji ya moto. Kihisi chake kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe. Fundi alikitazama mikono ikiwa nyuma.

Kijana wa kampuni alikuwa akitokwa jasho. Mchoro wa joto kwenye skrini haupandi, na wageni wameanza kuhamia meza ya jirani. Fundi aliona kosa mara moja: kihisi kilibandikwa juu ya nguo. Akakibandua, akapandisha kifulana, akakibandika chini ya mbavu za kulia. Mchoro ukapanda. Watu wakapiga makofi.

"Mzee wangu, uko kampuni gani?"

"Niko wodini. Naomba uniazime hiki, wiki moja tu. Nina mtoto wa kilo moja na robo."

Kijana alimweleza kwa upole kwamba hicho ni cha maonyesho. Hospitali zinajisajili kwenye programu, kisha zinapangiwa awamu. Tena na mashine za zamani hakiingiliani.

"Nitakiingiza."

Kijana akacheka kidogo, akamwomba akishike wapige picha. Kilikuwa na uvuguvugu. Picha ilipokwisha, fundi alikirudisha tumboni mwa mwanasesere, akabana pembe zote za plasta yake kisibanduke.

Jioni mama alimtazama mikono kwanza.

"Wanacho," fundi alisema.

"Kizuri?"

"Kizuri sana, mwanangu."

Mama akaomba, kama fundi atakubali, amshikie mtoto ili yeye anyooshe mgongo kidogo. Fundi alinawa hadi viwiko, akafungua vifungo vya shati, akaketi. Matroni alipomaliza kumfunga mtoto kifuani kwa shuka, mama alikuwa ameshalala, kwa ubavu.

Waya ulikuwa mezani, nusu umeshikana. Ungengoja kesho, sasa hivi hakuweza hata kuinama.