Pamba Iliyotoka Nyeusi

"Vasanti, ile picha niliyoitundika huku ndani iko wapi?"

"Ya Bujiku wa kule Didia?" mkewe alijibu kutoka dukani. "Kaja asubuhi, nimempa pamoja na zile nyingine."

Jashvant akatoka mbio chumba cha kusafishia picha. Mtu mzima, ana studio yake mjini Shinyanga, ameshapiga harusi na misiba ya mkoa mzima, na bado kiherehere hakijamtoka! Nani alimtuma? Mtaalamu mmoja aliyekuja kupiga picha za mimea alimwachia roli ya filamu ya ajabu, inayonasa mwanga ambao jicho la binadamu haliupati. Jani lenye afya hutoka jeupe pe. Jani linaloumwa hutoka jeusi, hata kama wewe bado unaliona kijani. Basi Jashvant alipoitwa kuipiga picha familia ya Bujiku mbele ya shamba lao la pamba, akaona aimalizie kulekule roli hiyo, maana ilikuwa imebaki picha moja tu.

Alipoisafisha ilimtisha mwenyewe. Mbingu nyeusi, pamba nyeupe kama imemwagiwa unga, watu wote nyuso zimepauka na macho yamekuwa mashimo. Lakini kipande kimoja cha shamba kilikuwa cheusi tii, na mbele yake hasa kaketi Mama Bujiku, mama mzazi wa mwenye shamba. Macho ya ajuza yule yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yote, na miaka ile ya sabini, bibi mwenye macho mekundu akinyooshewa kidole cha uchawi, panga lilifuata. Jashvant alikuwa amepanga kuichoma picha hiyo. Akachelewa, mjinga yule, kwa kutaka kuitazama kidogo tena.

Akawasha pikipiki. Njia nzima alirudia neno moja: "Mungu wangu, nimemuua mama wa watu."

Uani kwa Bujiku watu walikuwa wamejaa, wengine na mapanga. Kipande kilekile cha pamba, hapo nyuma ya ua, kilikuwa kimeanza kunyauka wiki hiyo. Mganga alikuwa ameishika picha juu, kila mtu aione. Mama Bujiku alikaa chini peke yake, khanga kaikunja ndani ya ngumi. Mwanawe alisimama mbali naye, naye ana panga.

"Kaikausha yeye," mganga alisema. "Picha ilimwona siku nyingi kabla yenu."

"Ni ugonjwa wa mnyauko!" Jashvant alifoka. "Ulikuwa mizizini tangu siku ile. Filamu hii inaona kitu ambacho macho yetu..."

"Hayakioni," mganga akamalizia. "Si umesema mwenyewe?"

Kila alichosema Jashvant kilimpa yule mtu nguvu. Alimtazama Bujiku, na Bujiku akatazama chini. Ndipo Jashvant akainua kamera. Ndani hamkuwa na filamu yoyote, na yeye alijua.

"Haya. Kama inaona wachawi, tusimwonee mtu mmoja. Jipangeni wote mbele ya pamba hii, na mganga akae katikati. Kesho tutaona nani katoka na pamba nyeusi nyuma yake, uso mweupe na macho meusi."

Mmoja akakumbuka kwamba ng'ombe wake hawajanyweshwa. Mwingine akajisogeza nyuma ya mwenzake. Mganga akasema yeye hapigwi picha, mizimu yake haitaki.

"Hee! Leo haitaki?" Limi, mke wa Bujiku, akauliza kwa sauti.

Aliyeinuka alikuwa Mama Bujiku. Alijikongoja hadi kwenye pamba iliyonyauka, akajifunga khanga vizuri, akaielekezea lenzi macho yake mekundu.

"Nipige tena, baba," alimwambia Jashvant. "Mimi kutazamwa nimeshazoea."

Kidole cha Jashvant kikawa kizito. Alimwona Bujiku akiweka panga chini na kwenda kusimama ubavuni kwa mama yake, analia mbele ya watu wote bila kujificha.

"Tupige wote wawili," Bujiku alisema. Akamshika mama yake mkono, na hakuuachia hata baada ya kamera tupu kulia.