Gunia la Kilo Hamsini

Novemba ya 2005, shule ikikaribia kufungwa, Mwalimu Mkuu Khaemba alibandika alama za darasa la saba mlangoni pa ofisi yake, akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya alama mia mbili hamsini. Ndiyo desturi yake. Walio juu ya mstari wanaenda la nane, walio chini wanarudia. Hakuwa mtu mbaya. Ila wastani wa shule ukishuka kwenye mtihani wa taifa, Kitale nzima inajua, na wazazi wanahamisha watoto.

Nafisa alikuwa na mia mbili thelathini na nane.

Mama yake, Khadijo, aliyepika maandazi karibu na msikiti, alimfuata Agneta, mwalimu wa hesabu, hadi darasani.

"Mwalimu wangu, huyu alirudia la nne. Mjomba wake Shafi ameshasema, akirudia tena aende Bungoma ampimie vitambaa dukani. Na akienda hatarudi shule."

"Mama Nafisa, mstari si wangu."

"Najua. Lakini hesabu ni yako."

Neno hilo lilimwingia Agneta. Khadijo alipoondoka, alisukuma madawati ukutani akatandaza karatasi zote sitini na mbili sakafuni. Miaka tisa amekuwa akijumlisha alama za kila mtoto, basi. Siku hiyo alikwenda swali kwa swali: hili wamelikosa wangapi, na wamelikosaje? Akawa anachora vijiti ubaoni kwa chaki.

Alipofika kwenye maswali sita ya magunia, vijiti vikajaa. Hata namba moja wa darasa, kijana anayetoka eneo la Kwanza, ambaye baba yake analima ekari kumi za mahindi, alikuwa amekosa yote sita. Mtihani ulinunuliwa Bungoma, na ulisema wazi kwamba kila gunia ni kilo hamsini. Watoto walizidisha vizuri, wakagawa vizuri, lakini walitumia tisini, kilo za gunia la mahindi. Mtoto wa huku, ukimwambia gunia, haulizi ni la kilo ngapi.

Agneta akafungua daftari lake la maandalizi. Mwaka mzima, kila mfano aliowapa ulikuwa na gunia la tisini. Ni yeye aliyewazoesha kutosoma swali. Akaketi juu ya dawati.

Kisha akaona kitu kingine. Mmoja tu alikuwa amepata yote sita, na ni Nafisa: alisoma hamsini, akatumia hamsini.

Akavuta karatasi yake karibu. Mtoto huyu amepoteza wapi, basi? Hapo: maswali kumi ya sehemu na asilimia, amepata mawili. Agneta akafungua rejista. Muhula wa pili, wiki tano, Nafisa hakuwepo. Alikuwa Bungoma akimuuguza nyanya yake, na ndizo wiki ambazo darasa lilifundishwa hayo.

Kesho yake aliingia ofisini na karatasi ya Nafisa kwapani.

"Madam, huyo ni chini," Khaemba alisema kabla hajaulizwa.

"Ni chini, Mwalimu Mkuu. Lakini si mjinga. Kuna kitu hajafundishwa. Na hawa wengine wako juu, kuna kitu mimi nimewafundisha vibaya."

Akamweleza habari ya magunia. Khaemba alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Ati wote sitini na moja?"

"Wote."

Khaemba alishika kalamu yake akapiga hesabu. Kila swali lilikuwa alama mbili. "Akipata manane kati ya yale kumi, anafika mia mbili hamsini kamili. Nampa mpaka Januari. Manane, madam. Usiniletee hadithi."

Likizo hiyo, Agneta hakumfundisha Nafisa kitu kingine ila sehemu na asilimia. Waligawanya maandazi nusu, robo, thumuni, Khadijo akilalamika kwamba wateja watakula makombo. Nafisa mwenyewe aliandika namba nane kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni.

Wiki ya kufungua akapewa maswali kumi mapya. Alipata saba.

Agneta alipeleka karatasi ofisini akaiweka mezani. Rula ilikuwa pale pale. Khaemba aliitazama ile saba, akaipindua karatasi, akaipindua tena.

"Amekosa yapi?" akauliza.

Miaka yote ile, Agneta hakuwa amemsikia akiuliza hivyo. Yeye huuliza ngapi.

"Yote matatu ni asilimia. Sehemu amemaliza."

"Na asilimia, darasa la nane mnaifundisha lini?"

"Muhula huu, wiki ya pili."

Khaemba akavuta rejista ya darasa la nane, akaandika Nafisa mwisho wa orodha, kwa kalamu ya buluu.

"Na yale magunia, madam," akasema bila kuinua uso, "unaanza nayo kesho."