Chuma cha Kando

Gawie Cloete alipoondoka kwenda kutafuta kazi ya visima vya mafuta ng'ambo, binti yake Shereldine akiwa bado anatambaa, alimwachia mkewe Drieka ahadi moja: kiungo alichokichomelea kwenye bomba la kinu cha nyuklia kikiachia, ndipo ajue kwamba naye amemwacha. Maneno ya mwanamume mwenye tiketi mfukoni! Drieka akayashika kama amana. Barua zilikuja, zikapungua, zikakoma. Yeye akangoja.

Shereldine alipokua aliajiriwa mtamboni huko huko, kazi yake kupima viungo kwa mawimbi ya sauti. Kila kinu kilipozimwa kwa ukaguzi, mama yake alimpikia samaki wa snoek na viazi vitamu, kisha akauliza: bado kinashika? Akijibiwa kinashika, alikula kwa raha.

Safari hii, pembeni ya muhuri wa Gawie uliogongwa kwenye bomba, mwangwi ulirudi mapema mno, kama uliogonga ufa njiani. Shereldine akapaka upya mafuta ya kupitisha sauti, akabadilisha pembe. Mwangwi ule ule. Alitamani mashine iwe mbovu. Sura ya baba yake hakuikumbuka. Kwake, baba wa kugusa kwa mkono alikuwa ule mstari wa chuma tu. Angeweza kuandika kwamba mwangwi umetokana na umbo la kiungo tu, maana mara nyingine huwa hivyo kweli, lakini kinu si mahali pa kubembelezana. Akaripoti ufa. Wakubwa wakaamuru kipande kikatwe, na chuma kilichokaa kule ndani huzikwa kwa sababu ya mionzi, hakipelekwi nyumbani kuwa ukumbusho.

Jioni, mama yake aliuliza kabla Shereldine hajaketi.

"Kimekatwa, Mama."

Drieka akaweka mwiko chini. Akataka kujua kama Gawie alilipua kazi.

"Hapana. Kiungo chake kizima kabisa. Kilichopasuka ni chuma cha kando. Siku ile ya kuchomelea kiliungua, kikabaki na mvutano, ufa ukaanza kutambaa kwa ndani, polepole, miaka yote hii."

"Na kwa nje?"

"Kwa nje huoni kitu."

Drieka akauchukua tena mwiko.

"Kwa hiyo yeye mzima," akasema.

"Kiungo, Mama."

"Nimesikia, mwanangu." Alijifuta macho kwa aproni. "Ila hicho cha kando, ungeniuliza mimi. Ningekwambia bila mashine."