Kumpunguza Mpiganaji wa Jefwa

Jumapili ya kwanza ya Juni 1991, mpiganaji wa Jefwa aliua vibwengo kumi na tisa katika zamu moja. Mwalimu Pascalia, ambaye mpiganaji wake alikuwa hajachomoa upanga, aliweka penseli mezani akauliza kama angeweza kwenda nyumbani kusahihisha madaftari.

"Zamu yako yaja," Bwana Garama akamwambia.

"Ya kufanya nini? Kuzika?"

Tulikuwa wanne, na tulicheza sebuleni kwa Garama, mtaa wa Shika Adabu, kila Jumapili baada ya adhuhuri. Garama alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mwaka 1989 alimsaidia baharia mmoja kupata dawa ya jino, na baharia akamwachia kitabu cha mchezo pamoja na dadu ya pande ishirini. Katika mchezo huo kila mtu ana shujaa wake wa kubuni, aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha yake, deraya yake ya kujikinga, na uhai wake kwa nambari. Msimulizi anawaeleza pango au zimwi lililo mbele yenu, nyinyi mnasema mtafanya nini, na dadu inaamua. Garama ndiye aliyekuwa msimulizi. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, naye akakifasiri chote, madaftari matatu, kwa Kiswahili ambacho alipenda kutukumbusha kuwa si cha kuokota.

Mimi Mwinyihaji, muuza vipuri vya baiskeli, nilikuwa mchawi. Kufikia Juni ile nilikuwa mchawi wa nne, kwa sababu watatu wa mwanzo walikufa.

Jefwa alikuwa mchonga mawe katika machimbo ya Mwakirunge. Ili kufika kwetu alipanda magari mawili na feri, na hakuwahi kuchelewa. Mpiganaji wake, Mangale, alishika shoka la mikono miwili. Kanuni katika daftari la pili ilisema: "Mwenye shoka akimwangusha adui, atapiga tena." Basi Mangale aliangusha akapiga, akaangusha akapiga, mpaka adui waishe au Jefwa aombe maji ya kunywa. Mpiganaji wa Pascalia aliitwa Bi Ngao. Alikuwa na upanga mfupi na ngao kubwa, na kazi yake ilikuwa kutukinga na adui, ambao kwa kawaida walikuwa wameshakufa.

"Sijapigwa tangu Februari," Pascalia alisema. "Mlinzi asiyepigwa ni pambo."

Garama akakubali kusawazisha mambo. Kwanza alilifanya shoka liwe zito, ili Mangale achelewe kuanza. Mangale akachelewa, kisha akaua wote. Wiki ya pili akampa Bi Ngao deraya ya shaba, nayo ikawa ngumu hata adui wakaona kumpiga ni kupoteza wakati, wakanijia mimi. Hapo ndipo mchawi wa nne alipokufa. Wiki ya tatu akaleta vibwengo arubaini. Kwa kanuni ile, arubaini ilikuwa ni zamu ndefu tu.

Jumapili ya mwisho ya Juni Garama alimwambia Jefwa, kwa upole, kwamba ingefaa Mangale apunguzwe nguvu kidogo.

Jefwa akaitazama karatasi yake. "Nimevunja kanuni gani?"

"Hakuna."

"Nimeiba kwenye dadu?"

"La hasha."

"Basi mnanipunguza kwa nini?"

Jefwa akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akatupa mkono mmoja mmoja na kwenda zake. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake.

Tulicheza watatu. Kulikuwa na daraja lililolindwa na zimwi moja, na kwa Jumapili mbili tulishindwa kulivuka. Bi Ngao alipigwa sana. Pascalia alisema ndivyo alivyotaka, lakini hakuonekana kufurahi.

Yeye alifundisha hesabu katika shule ya msingi, na ndiye aliyesema kwamba mambo haya hayaamuliwi kwa kubahatisha. Akapanga Mangale apigane na Bi Ngao, mmoja kwa mmoja, mara mia. Kisha kila mmoja peke yake apigane na vibwengo watano, mara mia. Tulirusha dadu wiki nzima, mimi na yeye, kila nilipofunga duka. Mmoja kwa mmoja, Bi Ngao alishinda mara hamsini na nne. Dhidi ya watano, alishinda thelathini na moja. Mangale alishinda tisini na saba.

Pascalia akaizungushia tisini na saba duara kwa kalamu nyekundu.

"Shoka halina kosa," akamwambia Garama. "Kosa liko kwenye hili neno, 'tena'. Tena mara ngapi? Hebu tuletee kitabu."

Garama alisema kitabu kimeliwa na mchwa. Mkewe, Mwanarehema, aliyekuwa akipita na birika, alisema kiko juu ya kabati, amekipangusa vumbi Ijumaa.

Pascalia alisoma ukurasa, kisha akatufasiria: mwenye shoka akimwangusha adui, atapiga tena mara moja tu.

"'Mara moja tu'," akarudia. "Maneno matatu, Bwana Garama. Umeyaruka."

Nilitegemea ubishi. Garama ni mtu aliyeweza kubishana na kamusi. Lakini aliketi.

"Kosa hilo nililiona wiki ya pili," akasema. "Mwaka juzi."

"Ukaliacha?"

"Mwalimu, mama yake Jefwa ni shangazi yangu. Ndiye aliyeniomba nimtoe nyumbani. Machimbo yalikuwa yamemwangukia, akakaa kutwa nzima chini ya mawe, na nduguye Karisa amekufa kando yake. Alipokuja hapa alikaa kiti kile, hasemi. Kisha Mangale akaangusha watatu kwa mfululizo, na Jefwa akacheka. Wallahi alicheka mpaka Mwanarehema akatoka jikoni kutazama. Ningemwambia nini? Ati mmoja kati yao yu hai?"

Pascalia akafunga kitabu.

"Hata hivyo ni kosa," akasema.

"Ni kosa."

Jumamosi tulikwenda Mwakirunge sote watatu. Tulimwamkia mama yake Jefwa, tukapewa viti na maji, kisha Garama akaeleza yote, hata habari ya kile kicheko. Jefwa alisikiliza huku akijipangusa vumbi la mawe viwikoni.

"Kwa hiyo wale kumi na tisa?"

"Wawili," Pascalia akasema, akamkabidhi karatasi ya hesabu. Alikuwa amepima upya kwa kanuni sahihi. "Dhidi ya watano, Mangale peke yake anashinda arubaini na nne katika mia. Wakisimama pamoja, ngao mbele na shoka nyuma, themanini na tisa."

Jefwa aliisoma mpaka mwisho, akairudia. "Mmepigana mapigano mangapi?"

"Mia tano."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya kanuni," Pascalia akajibu.

Jefwa akamgeukia Garama. "Ungeniambia. Nilikuwa mgonjwa, sikuwa mtoto."

"Kweli. Niwie radhi."

"Nimekuwia." Akaikunja karatasi ya Pascalia, akaitia mfukoni. "Lakini waliokufa wamekufa. Sifufui kibwengo hata mmoja."

Tukapiga kura papo hapo. Vibwengo wakabaki walipo.

Kesho yake tulilirudia daraja. Mangale alilipiga zimwi mara moja, halikuanguka, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili Jefwa ikambidi anyamaze wakati wengine wakicheza. Zimwi likamgonga, akafuta nusu nzima ya uhai kwenye karatasi.

"Sasa nafanya nini?"

"Unangoja," Pascalia akasema, akichukua dadu. "Zamu ni yangu."

Tulivuka kabla ya adhana ya alasiri, Bi Ngao akiwa amebakiwa na uhai wa pointi mbili. Mwanarehema alileta chai. Jefwa aliuliza kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kungoja zamu kunachosha namna hii. Pascalia akamwomba ampitishie sukari.