Kitabu Kilichokwama Sura ya Kwanza

Mwalimu Nyamweya wa Marani alikuwa amesoma vitabu vingi kuliko migomba yake, na migomba yake si haba. Kimoja tu ndicho kilichomshinda. Kilikuwa kitabu chembamba cha wanaoanza kujifunza ujamaa na ukomunisti, nacho hakuwahi kukisoma kupita sura ya kwanza. Walikianza na mkewe Bathsheba na majirani wachache, mwaka wa themanini na mbili. Kisha watu wakaanza kukamatwa kwa sababu ya walichokisoma. Majirani wakaingia mitini, na Bathsheba akakifunga kitabu kwa nailoni, akakificha chini ya jiwe la kusagia wimbi.

“Kitabu cha watu hakisomwi na mtu mmoja chumbani,” alisema. “Tutaendelea watu wakirudi.”

Watu hawakurudi. Hofu ilipokwisha, ilikuja karo, ikaja chai ya kuchuma, yakaja mazishi. Mwaka juzi Bathsheba naye akaaga dunia. Mwalimu alimkosa mno, hasa asubuhi, maana mama yule alikuwa akimenya ndizi huku akibishana na redio. Sasa macho ya Mwalimu yalikuwa yameingia ukungu. Akaona kwamba akichelewa tena, ahadi yao itazikwa pamoja naye.

Mjukuu wake Linet, karani wa ofisi moja mjini Kisii, akamsaidia kutangaza. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji: “Majirani wote mnaombwa kufika kwa Mwalimu Jumapili asubuhi.” Basi, hakueleza zaidi. Linet ni mtoto wa mjini, tumsamehe. Lakini Mwalimu je? Nusu ya maisha yake alifundisha mbali, akasahau ya kwao. Huku, mwenye shamba lililoota magugu akiwaita majirani wote asubuhi, hiyo ni risaga. Unakwenda na jembe, unamlimia, naye anakulisha.

Jumapili walikuja, majembe mabegani, jirani yake Nyanchama akiwa mbele. Mwalimu alikuwa amepanga viti uani, kitabu mapajani. Jikoni hakukuwa na hata sufuria ya chai.

“Mwalimu, tuanzie kwa mahindi ama huku kwa ndizi?” Nyanchama aliuliza.

Aibu ikampanda Mwalimu mpaka masikioni. Kuita risaga bila chakula ni jambo linalosimuliwa hadi siku ya mazishi yako. Akakiri kwa kigugumizi kwamba aliwaita wasome tu.

Nyanchama alitazama viti, kisha akatazama mahindi. “Kusoma tutasoma. Lakini hii magugu imeshatuona.”

Wakalima. Linet akatumwa nyumba kwa nyumba; huku akapewa ndizi, kule unga wa wimbi, kwingine mboga ya chinsaga, na adhuhuri chakula kikatosha na kubaki. Wanawake waliimba wimbo wa kupalilia ambao Mwalimu aliusikia mara ya mwisho mamake akiwa hai. Akajifanya anafuta jasho, ilhali hakuwa ameshika jembe.

Baada ya kula, alikifungua kitabu. Sura ya kwanza aliijua kwa moyo, kwa hiyo ukungu haukumsumbua. Alieleza kwamba mjamaa anataka mashamba makubwa na viwanda viwe mali ya wote, na kila mtu apate kulingana na kazi yake. Mkomunisti anatazama mbali zaidi, siku ambayo hapatakuwa na tajiri wala maskini, wala serikali ya kuwasimamia, na kila mtu atapata anachohitaji.

“Huko walikojaribu, si watu walilala njaa?” aliuliza mzee Mokua, ambaye hana imani na jambo lolote lisilo mvua.

“Wengine walilala njaa, wengine wakafungwa. Hayo pia tutayasoma.”

“Na kiwanda cha chai? Sisi wakulima tuko na hisa.”

“Huo ni ushirika, Mokua. Mwenye majani mengi anapata mengi. Asiye na shamba hapati kitu.”

“Kama leo,” alisema Nyanchama. “Tumekulimia kwa sababu uko na shamba. Nyakerario hapa amepanga chumba huko sokoni. Yeye atatuita wapi?”

Nyakerario, mama kijana anayeishi kwa vibarua, aliinamisha kichwa. Mwalimu alikipapasa kitabu, kisha akacheka kidogo.

“Bathsheba aliuliza hivyo hivyo, siku ya mwisho tuliyosoma. Hatukuwa na jibu. Tulisema labda liko sura ya pili.”

“Sasa si ufungue?” alisema Nyanchama.

Mwalimu akageuza ukurasa. Herufi zilikuwa ukungu mtupu, na hizi hakuzijua kwa moyo. Alijaribu mstari wa kwanza, ukamponyoka. Akainuka, akampa Nyakerario kitabu, akaketi kwenye kiti cha wanafunzi.

“Mimi pia sijafika hapo,” alisema. “Nisomee.”

Nyakerario akajifuta mikono kwenye leso, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti ndogo. Mwalimu alikuwa akilia waziwazi, wala hakuna aliyemwambia anyamaze.

“Polepole, mama, usiruke hata neno,” alisema. “Bathsheba ataniuliza yote.”