Wabia wa Mzinga Mtupu

"Vaa hiyo fulana, mama mkubwa. Wageni wamefika," alisema mpwa wake.

Mrina asali alikuwa akifunga majani makavu ya kufukizia nyuki. Akaivaa juu ya gauni. Kifuani iliandikwa WABIA WA KWELI, na chini yake kulikuwa na picha yake mwenyewe akicheka. Hakukumbuka alicheka hivyo lini.

Msitu ulikuwa wa ukoo wake tangu enzi za mababu. Kampuni ya asali ilipokuja ilisema tutarina pamoja, faida tutagawana. Ikajenga uzio, ikaweka geti, na wenye msitu wakawa wanaingia kwa ruhusa. Ukoo huu ukirina huacha masega yenye watoto wa nyuki, maana asiyeacha anajikatia riziki. Vibarua wa kampuni walikomba yote. Ukilalamika, unaambiwa mkataba mlisaini wenyewe. Ubia gani huu, mmoja anakula na mwenzake ananawa tu!

Leo wenye mtaji walitaka kuona mrina wa asili kazini. Mpwa, mkalimani wa kampuni, alimsogelea na kumnong'oneza.

"Mzinga ni ule pale chini. Masega tumeshayapanga. Wewe toa tu, tabasamu. Ukiharibu, mimi namwaga unga, na ukoo mzima unafungiwa geti."

"Mmeyapanga? Nyuki wako wapi?"

"Mama mkubwa, nakuomba."

Akaenda. Alipofunua kifuniko, kimya. Masega ya kununua yalikuwa yamepangwa kama sahani kabatini. Hasira ilimpanda. Akayatupa majani, akaingiza mkono hivyo hivyo.

Mgeni mmoja akauliza mbona hatumii moshi, mpwa akatafsiri.

"Moshi ni wa nyuki," alijibu. "Humu hakuna nyuki. Mmewamaliza."

Mpwa akawageukia wageni. "Anasema nyuki wamemzoea, hawamuumi."

Wageni wakapiga makofi.

Mrina alimtazama mtoto huyo aliyemlea kwa mikono yake. Akaukumbatia mzinga, akaupindua. Masega yakapasukia chini, na nyuma yake wakamwagika nyuki waliokufa wakakauka, tele, juu ya viatu vya wageni. Makofi yakakatika.

"Haya," alimwambia mpwa wake. "Na hilo watafsirie."

Meneja wa kampuni hakungoja tafsiri. Alimwita mlinzi, naye mlinzi akamshika mrina mkono, akamtoa nje ya msitu wa babu zake kama mwizi.